Baba anasahau, na mimi ninamfungia mlango

"Shikamoo mama. Mimi ni mwanamke wa miaka 41, fundi cherehani hapa Majengo, Moshi. Sina mume, nina mtoto mmoja wa darasa la sita. Baba yangu ana miaka 77, ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Mama alifariki miaka mitatu iliyopita, tukamzika kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, huko Kibosho, na baada ya matanga kaka zangu watatu walikubaliana kwamba baba ashuke mjini akae na mimi, kwa kuwa wao wako Dar es Salaam na wana familia. Mwanzoni alisahau funguo na majina. Sasa anasahau hata kwamba amekwisha kula. Kila jioni anabeba mkoba wake akisema anataka kwenda nyumbani, na anauliza mama yuko wapi. Nikimwambia mama alifariki, analia kana kwamba amepata habari leo, na kesho yake anauliza tena. Ananituhumu kuwa ninamwibia pensheni. Mara ya mwisho alipotoka alfajiri alikutwa kwenye geti la shule, akisema amechelewa kipindi. Tangu siku hiyo, nikienda kwenye fremu yangu ya kushonea, ninamfungia ndani kwa kufuli mpaka saa nane. Wiki iliyopita nilimvuta mkono kwa hasira hadi akaniogopa. Shangazi anasema amerogwa. Kaka zangu wanasema ni uzee tu. Mmoja anataka tumzungushe, kila mtoto akae naye miezi mitatu, na mwingine alikuja na karatasi ya kuuza kipande cha kihamba akitaka baba atie saini. Mimi nimepata nafasi kwenye karakana ya kushona sare Arusha kuanzia Januari, nao wanasema nikienda nitakuwa nimemtupa baba. Je, huu ni ugonjwa au ni uzee? Nimjibu nini anapomuulizia mama? Na je, ni dhambi kumfungia?" Mtoto wa Tatu, Majengo.

Marahaba, binti yangu, na pole sana. Naanza na kufuli, kwa sababu mengine uliyoyaandika yanaweza kusubiri wiki moja au mbili, lakini hilo haliwezi kusubiri. Sikuhesabii dhambi. Mtu ambaye baba yake amekwisha kupotea alfajiri, na ambaye asiposhona hakuna chakula cha jioni, hafungi mlango kwa ukatili. Anafunga kwa kuwa ameachwa peke yake na hofu. Hata hivyo ni lazima uache, na uache kuanzia kesho. Mzee mwenye tatizo la kumbukumbu akibaki peke yake katika nyumba iliyofungwa anaweza kuwasha jiko na kulisahau, anaweza kuanguka akavunjika nyonga na kulala sakafuni mpaka urudi, na moto ukitokea majirani watasimama nje wakitafuta cha kuvunjia kufuli. Isitoshe, yeye hakumbuki kwamba umemfungia ili asipotee. Anachojua ni kwamba mlango haufunguki na hajui ni nani aliyeufunga, na hofu hiyo anaibeba hadi jioni, ikatoka kwa ukali na vilio ambavyo wewe unaviona havina sababu.

Kwa sasa, hadi familia itakapopanga vingine, hamishia cherehani nyumbani. Najua fremu ndiyo inayoleta wateja, na huenda kodi yake umekwisha kuilipa kwa miezi kadhaa mbele. Lakini kukata na kushona kunaweza kufanyika sebuleni, na fremu ukaifungua kwa zile saa chache ambazo yupo mtu mzima wa kukaa na baba. Mtu huyo mtafute kwanza katika jumuiya yenu au kanisani, ambako wapo wazee wa rika la baba yako wanaoweza kuja kukaa naye saa mbili wakiombwa waziwazi, kwa siku na saa inayojulikana. Wengi hawaji kwa sababu waliambiwa "karibuni" bila kuambiwa lini. Usiku, mkiwa wote ndani, komeo lililowekwa juu kabisa ya mlango, mahali ambapo jicho lake halifiki upesi, halina ubaya, mradi wewe uweze kulifungua gizani bila kutafuta ufunguo. Mtungi wa gesi ufungwe kila mmalizapo kupika, na jiko la mkaa lisiingizwe ndani kamwe, hata katika baridi ya Julai, kwa sababu moshi wake usioonekana unaua hata wenye akili timamu.

Kwa kuwa u fundi, mshonee ndani ya ukosi wa kila koti na kila shati kitambaa kidogo chenye jina lake na namba yako ya simu. Kisha nenda kwa vijana wa bodaboda, kwa mwenye duka la jirani, kwa mlinzi wa ile shule na kwa mwenyekiti wa mtaa, uwaonyeshe picha yake na uwaambie bila kuficha kwamba mzee huyu anasahau njia. Familia nyingi huona aibu kulisema jambo hili, na matokeo yake mtu asiyejua humsalimia mzee aliyevaa nadhifu, akampisha aendelee na safari yake.

Nakuomba pia uitazame upya ile safari ya shuleni, kwa sababu baba yako hakuwa akizurura. Alikuwa akienda kazini. Katika hali hii kumbukumbu za karibuni ndizo zinazotangulia kuondoka, ilhali mazoea ya miaka mingi hubaki, na mwalimu aliyeamka kabla ya jua kwa sehemu kubwa ya maisha yake ataendelea kuamka na kutafuta mkoba. Usimnyang'anye mkoba huo. Mwanao amwachie madaftari yake ya zamani ya hesabu pamoja na kalamu nyekundu, na babu asahihishe baada ya chai, bila mtu kumkosoa pale anapokosea. Mtembee naye kidogo asubuhi, mkoba ukiwa mkononi mwake, mrudi pamoja. Wilayani Hai, si mbali na hapo ulipo, yalifanyika majaribio ya kuwakutanisha wazee wenye tatizo hili katika vikundi vidogo kwa mazungumzo na mazoezi ya akili, na waliohudhuria walionyesha nafuu. Kwa hiyo usidhani kwamba kumpa kazi ya heshima ni kumpotezea muda tu. Ni sehemu ya matibabu.

Sasa swali lako la ugonjwa au uzee. Mzee mwenye afya husahau alikoweka miwani, baadaye akakumbuka. Anayesahau kwamba amekula, au kwamba mkewe alifariki, ana jambo katika ubongo linalopaswa kupimwa. Madaktari huita hali hii demensia, nayo husababishwa na magonjwa mbalimbali, likiongoza lile alilolieleza daktari wa Ujerumani, Alois Alzheimer, mwaka 1906, huku mengine yakitokana na mishipa ya damu ya ubongo iliyoharibiwa na kiharusi, shinikizo la damu au kisukari. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu milioni 55 wanaishi nayo. Huko huko Hai watafiti waliwachunguza wazee wapatao 1,200 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, wakaikuta kwa takribani 6 katika kila 100. Nakutajia hayo ili umweleze shangazi yako kwa adabu kwamba jambo lililoingia katika nyumba nyingi kiasi hicho, kutoka Machame hadi Ulaya, halikutumwa na jirani mwenye kijicho. Maombi yaendelee, kwa kuwa baba yako anaweza kupata faraja kubwa katika wimbo wa kanisa anaoujua tangu utoto. Lakini shilingi moja isiende kwa mganga.

Mpeleke hospitali ya mkoa ya Mawenzi, na kutoka hapo mkipewa rufaa mwende hospitali kubwa ya KCMC. Ombi lako kwa daktari liwe kwamba watafute kwanza yale yanayotibika, kwa sababu yapo mambo yanayofanana na demensia au yanayoizidisha: tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, kaswende ya zamani, maambukizi ya virusi vya UKIMWI, damu iliyovuja polepole ndani ya fuvu baada ya kuanguka, masikio yaliyoziba, na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ambayo kwa mjane aliyehamishwa nyumbani kwake mara tu baada ya msiba si jambo la kushangaza. Beba dawa zake zote katika mfuko mmoja, pamoja na zile mlizonunua wenyewe dukani, kwani hata Piriton ya mafua inaweza kumvuruga akili mzee. Ikithibitika ni ugonjwa wa Alzheimer, hakuna dawa ya kuuponya, ingawa zipo zinazowasaidia baadhi ya wagonjwa kwa muda. Usiombe dawa ya kumlaza ili nyumba itulie; baadhi ya dawa hizo huongeza hatari ya kiharusi na kifo kwa wazee wa namna hii, na daktari huzitumia tu pale hatari nyingine inapokuwa kubwa zaidi. Na endapo siku moja hali itabadilika ghafla, ndani ya siku moja au mbili, akachanganyikiwa kuliko kawaida yake au akalala mchana kutwa, usiseme ugonjwa umeendelea. Huenda ana maambukizi ya mkojo, nimonia au malaria, naye anapaswa kufika hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu mama yako, ulitenda haki ulipomwambia baba ukweli, kwa kuwa kila mtu ana haki ya kuujua msiba wake. Lakini baba yako amekwisha kuupata msiba huo. Alisimama kaburini, akatia udongo, akapokea rambirambi. Kumwambia upya kila jioni hakumwongezei ukweli, kwa sababu ubongo wake hauwezi kuuhifadhi. Kunamwongezea huzuni, nayo huzuni hubaki moyoni hata baada ya habari iliyoileta kusahaulika. Ndiyo maana unamwona ana simanzi mpaka usiku na yeye mwenyewe hajui ni kwa nini.

Sikiliza kilicho ndani ya swali lake. Mara nyingi anakuambia kwamba amemkumbuka, au kwamba giza linaingia na yule aliyekuwa akimwekea chakula mezani hayupo. Lijibu hilo. Acha unachoshona, ukae karibu naye, umwambie, "Baba, umemkumbuka mama. Alikuwa akikupikia nini ulipotoka shule?" Kisha umwache azungumze juu ya mtori, juu ya kahawa waliyochuma pamoja, juu ya siku aliyokwenda kuposa, nawe uulize tena hata kama hadithi hiyo umeisikia jana. Hapo hujasema uongo, na hujamfisha mama yako mara nyingine. Siku atakapokutazama na kuuliza moja kwa moja kama mkewe amekufa, mwambie ndiyo, kwa sentensi fupi, huku umemshika mkono, mumwombee marehemu, mkae kimya kwa muda anaoutaka yeye. Jambo moja usilifanye, nalo ni kumwambia kwamba mama amesafiri na atarudi kesho, kwa sababu atakwenda kukaa mlangoni kumsubiri.

Hali hii ya kutaka kwenda nyumbani huzidi jioni kwa wagonjwa wengi, wakati mwanga unapopungua na mwili umechoka. Washa taa tangu saa kumi na moja na nusu, kabla vivuli havijaingia sebuleni, na kabla ya kubishana naye jiulize kama ana njaa, kama ameshikwa na haja, au kama kuna mahali panapomuuma. Akisimama na mkoba wake, usimzuie mlangoni. Vaa ndara, utoke naye hadi mwisho wa mtaa mkizungumza habari za Kibosho, na mara nyingi atarudi pamoja nawe bila ugomvi. Zungumza naye Kichagga, hata kama mwanao haelewi, kwa sababu lugha ya utotoni huweza kubaki wakati Kiswahili kinaanza kumponyoka, na pengine baadhi ya ukimya wake ni wa mtu anayeongeleshwa maneno yasiyomfikia upesi.

Wageni nao wanahitaji kufundishwa. Sisi tuna tabia ya kumsogelea mzee na kumuuliza kwa sauti kubwa, "Unanijua mimi ni nani?" huku watu wakisubiri jibu, na mzee asiyejua hubaki amefedheheka mbele ya wajukuu wake. Waambie watangulize heshima na jina: "Shikamoo baba, ni mimi fulani, mtoto wa fulani, wa kule juu kanisani." Wasimpime, maana aliyekuja kusalimia hana haja ya kutoa mtihani.

Juu ya pensheni, usijitetee kwake. Mara nyingi mgonjwa wa aina hii huficha fedha mwenyewe, akasahau, na mtu aliye karibu naye zaidi ndiye anayeshukiwa. Tafuteni pamoja, uzijue sehemu anazoficha, na koti lake lisikose noti chache ndogo za kumpa uhakika kwamba bado ni mtu mwenye fedha zake. Wanaopaswa kupewa hesabu ni kaka zako, kwa hiyo fungua daftari, uandike kila kinachoingia na kila kinachotoka, hata nauli na sabuni.

Umeandika kwamba ulimvuta mkono kwa hasira. Ulifanya vyema kulisema, na sitalipitia juu juu, kwa sababu mkono uliovuta wiki iliyopita unaweza kusukuma mwezi ujao, na mzee wa miaka 77 akisukumwa anavunjika. Ukihisi hasira imepanda, hakikisha amekaa salama, toka uani, umpigie mtu simu kabla ya kurudi ndani. Chagua mtu huyo leo na umwombe ruhusa mapema. Nenda pia kwa ofisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri yako, umweleze hali yote pamoja na hilo, kwa kuwa ni kazi yake kukusikiliza. Kwa jinsi ulivyoandika naona hulali, na mtu asiyelala hawezi kumvumilia anayeuliza swali lile lile kwa mara ya ishirini, hata akiwa ni baba yake mpenzi.

Hapo ndipo ninapofika kwa kaka zako, ambao ningependa wausome ukurasa huu. Walisema ukae na baba kwa kuwa wao wana familia. Wewe na mwanao pia ni familia. Binti asiye na mume huhesabiwa katika koo zetu kama mtu mwenye muda usio na mwenyewe, na mzigo wa watu wanne ukawekwa juu yake kwa maneno ya sifa. Jambo hilo si haki, hata likifanywa na watu wanaompenda. Wazo la kumzungusha baba Dar es Salaam kila miezi mitatu halimfai, kwa sababu kila nyumba mpya itamnyang'anya kile kidogo anachokijua bado: choo kiko wapi, dirisha linatazama wapi, nani anamletea chai. Wazunguke watoto, asizungushwe baba. Kila kaka achukue likizo kwa zamu, aje Majengo alale chumba kimoja na baba, ampikie, ampeleke kliniki, nawe ulale kwingine.

Anza na kaka mkubwa, umwombe usiku tatu tu, na usikubali aje kama mgeni wa Jumamosi. Wagonjwa hawa mara nyingi hujikaza mbele ya mgeni, wakazungumza vizuri kwa saa moja, mgeni akarudi mjini na kutangaza kwamba dada anakuza mambo. Akishaamshwa saa nane za usiku na mwalimu anayetafuta chaki, hutahitaji kumweleza mengi. Kisha muitishe kikao, kwa simu kama hawawezi kuja, bila kungojea Desemba watu wanapopanda kwa sikukuu. Usiombe msaada kwa jumla; taja mshahara wa mtu wa kumwangalia baba mchana, taja dawa, nauli na kodi ya fremu uliyoifunga, na kila jina liandikwe mbele ya kitu chake, kwa muhtasari uliotiwa saini na wote.

Karatasi ya kihamba isisainiwe. Kwa sheria ya mikataba ya Tanzania, anayeingia mkataba ni lazima awe na akili timamu wakati huo, na saini ya mtu asiyeelewa anachokitia saini italeta kesi mahakamani na uadui kwenye ukoo. Mweleze mwenyekiti wa kitongoji kule Kibosho pamoja na wazee wa ukoo kwamba baba yuko katika matibabu. Ikiwa kweli itafika siku mali yake itahitajika kumtibu, zipo taratibu za kimahakama za kumteua msimamizi, na wasaidizi wa kisheria wanaweza kuwaongoza.

Limebaki la Arusha. Kwenda kufanya kazi kilomita zipatazo 80 kutoka kwa baba, ukiwa umeacha mtu anayemjua, zamu zilizoandikwa na fedha zilizokwisha kutumwa, si kumtupa. Lakini Januari ni mapema mno, kwa sababu baba bado hajapimwa na mtu wa kumwangalia hajapatikana, naye atahitaji wiki kadhaa za kumzoea mtu huyo wewe ukiwa bado nyumbani. Mwandikie mwenye karakana wiki hii, umweleze ukweli na umwombe akushikie nafasi hadi Aprili, au akupe sare za kushonea nyumbani kwa miezi hiyo mitatu. Jibu lake, liwe lipi, lipeleke kikaoni na uliweke kuwa la kwanza katika ajenda, ili kaka zako wapange zamu zao wakijua tarehe utakayoondoka.